Tua (ziara) ya Carrie Furnaces, Pittsburgh: kama umewahi kulea mzee wa kiwandani, nenda

Nyota tano, na kama kungekuwa na ya sita ningewapa. Naandika kwa Kiswahili makusudi sababu Waswahili tumekuwa wengi sana Pennsylvania na Ohio siku hizi, Watanzania, Wakenya, ndugu zetu Wakongo na Warundi waliokuja kwa ukimbizi, na wengi wetu kazi yetu ni kulea wazee majumbani. Hao wazee tunaowaogesha na kuwapikia ndo haohao waliofanya kazi kwenye haya matanuru, ila sisi tunawakuta wameshachoka, masikio hayasikii, mikono imejaa makovu, tunawapa dawa tunawafunika blanketi tunaondoka, hatujui hata tuwaulize nini.

Kwa wasioijua sehemu yenyewe, ni matanuru mawili makubwa ya kuyeyushia madini ya chuma, namba 6 na namba 7, yako Rankin na Swissvale kandokando ya mto Monongahela, maili kama 8 tu kutoka katikati ya mji. Yalijengwa 1907 yakazimwa 1978. Kiwanda chenyewe ni cha zamani zaidi, kilianza 1884, tajiri wa chuma Carnegie akakinunua 1898, na 1901 kikaingia kwenye kampuni kubwa ya US Steel. Mwaka 2006 yakatangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa, na shirika linaitwa Rivers of Steel ndo wanayatunza na kutembeza watu. Ukifika usitegemee jumba la makumbusho lenye zulia na kiyoyozi, ni kiwanda kweli, kina kutu kila mahali, miti imeota katikati ya reli, na unatembea juu ya vyuma vilevile walivyotembea wao.

Mi nilikwenda kwa ajili ya Babu. Jina lake sitalitaja, familia yake si watu wa kujianika. Nilimlea miaka yake ya mwisho, nilikuwa namwita Babu na akazoea akawa anaitika, na alipofariki mjukuu wake ndo akaniambia dada twende wote tukaone alikokuwa anafanya kazi, mi mwenyewe sijawahi kuingia. Nikasema sawa.

Habari zake ni hizi. Alizaliwa kijijini Kroatia, vita kuu ya pili ikamkuta bado mtoto, baba akapotelea hukohuko vitani, yeye na mama yake wakaishia kambi ya wakimbizi Austria. Mwaka 1948 Marekani ikapitisha sheria ya kupokea watu waliong'olewa makwao na ile vita, mpaka sheria inaisha 1952 walikuwa wameingia karibu watu 400,000, na Babu na mama yake walikuwa humo. Mjomba wake alishatangulia zamani, anaishi Rankin, akamsemea kwa msimamizi na kijana akaanza kazi hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Wakamweka kundi la vibarua, koleo mkononi, kuzoa vumbi na mabaki, kazi ambayo hakuna aliyeitaka. Hajakaa sana barua ya jeshi ikaja. Watu wengi hawajui hili, ukiwa mkazi halali wa Marekani hata kama huna uraia enzi zile ulikuwa unaitwa jeshini kama mwenyeji, basi huyo kijana aliyekimbia vita moja akapandishwa meli kupelekwa vita nyingine, Korea.

Ya Korea alikuwa hasemi sana. Alichosema ni baridi. Alibeba risasi na mabomu ya mota kupandisha milimani, na usiku mmoja miguu ikaganda, vidole vikawa havina hisia mpaka anazeeka. Nilikuwa namvalisha soksi mbilimbili hata mwezi wa saba joto limepanda, na nisipofanya hivyo halali. Mwanzoni nilidhani ni uzee tu. Kumbe wazee wengi wa ile vita wana miguu ya hivyo, na serikali inawalipa fidia kwa hilo, kwahiyo wenzangu mnaolea veterani wa Korea angalieni miguu yao na muulize familia kama madai yalishapelekwa. Vita ile ilianza Juni 1950 ikasimama Julai 1953, Wamarekani zaidi ya 36,000 walikufa na Wakorea wenyewe ni mamilioni, halafu waliorudi hawakupigiwa ngoma wala nini, walirudi wakaingia kazini.

Na Babu alirudi kazi ileile. Sheria ilikuwa inamlinda askari, ukitoka jeshini mwajiri akurudishe kwenye nafasi yako na ile miaka ya jeshi ihesabiwe kwenye ukongwe wako kazini. Hii ilikuja kumsaidia sana maana kiwandani ukongwe ndo kila kitu, wakipunguza watu anaanza wa mwisho kuingia. Uraia pia aliupata kupitia jeshi. Basi akaomba kuhamia kwenye tanuru lenyewe, jumba la kumiminia chuma kilichoyeyuka, penye joto la kutisha, na alikuwa anasema mwenyewe kwamba aliomba kwa sababu alishapigwa baridi ya kutosha maisha yake yote. Miaka yote nilikuwa nayasikia hayo kama maneno ya mzee tu. Kuelewa nimekuja kuelewa siku ya tua.

Tua inaanzia nje, uwanja wa madini. Mwongozaji wetu alikuwa mama mmoja ambaye baba na babu yake wote walipita viwandani, sauti kubwa, anajibu swali lolote na hakimbizi watu. Anakueleza mzigo ulivyokuwa unakuja, madini ya chuma kutoka Minnesota kwa meli za maziwa makuu ya hukuhuku Marekani halafu treni, koki, yaani makaa yaliyookwa, na mawe ya chokaa. Kwa makadirio ya kizamani kupata tani 1 ya chuma unahitaji kama tani 2 za madini, tani 1 ya koki na nusu tani ya chokaa. Sasa piga hesabu, kila tanuru lilikuwa linatoa kati ya tani 1,000 na 1,250 kwa siku. Kwa siku! Na halizimwi, Krismasi, Pasaka, msiba, linawaka tu, maana likipoa na chuma kikiganda ndani mmekwisha.

Halafu mnaingia chini, ghala la mizigo, kwenye giza giza, ambako kigari kilikuwa kinapita chini ya mapipa kinapima kila kitu kwa uzito na kumwaga kwenye vibehewa vinavyopandishwa kwa kamba ya chuma mpaka juu kabisa ya tanuru. Pale nilisimama nikatazama juu. Tanuru lina futi 92, karibu mita 28, limevikwa bamba la chuma nene inchi mbili na nusu na ndani matofali ya kuhimili moto. Na mle kuna gesi, kaboni monoksaidi, haina harufu haina rangi, mtu anakaa chini kupumzika haamki tena. Babu alishawahi kuniambia kuna rafiki yake alilala hivyo. Alitaja jina lake na jina la mke wake na kijiji alichotoka.

Sehemu iliyonishika kuliko zote ni jumba la kumiminia la namba 7. Ukiingia chini kuna mchanga na mifereji imechimbwa kuanzia mdomo wa tanuru, inagawanyika inaenda kwenye matundu yaliyo pembeni, chini ya matundu ndo yalikuwa yanakaa mabehewa ya kubebea chuma cha moto. Kila baada ya masaa machache wanatoboa tundu la tanuru kwa drili, chuma kinatoka kimeyeyuka nyuzi 1,500 hivi za Sentigredi, kinakimbia kwenye mfereji, uchafu unaelea juu unazuiwa na kuchepushwa upande wake, chuma kinaendelea upande wake. Wakimaliza tundu linazibwa kwa mashine inayosukuma udongo. Kisha vijana wanaingia palepale, mchanga bado unafukuta, wanavunja mabaki yaliyoganda, wanatengeneza mifereji upya kwa koleo na mikono, maana baada ya masaa machache mengine linatobolewa tena. Hiyo ndo ilikuwa kazi ya Babu miaka na miaka.

Sasa mjukuu akatoa kwenye begi kitu alichokikuta gereji, nyayo za mbao. Vipande viwili vya mbao nene vina mikanda ya ngozi, unavifunga chini ya buti maana soli ya kawaida ingeyeyuka kwa joto la sakafu. Mwongozaji alivyoviona akaacha alichokuwa anasema akaja kuvishika, akawaonyesha watu wote, akasema wekeni macho hapa, hivi hamtaviona mara nyingi. Mi nikavigeuza. Upande wa chini mbao ilikuwa nyeusi tii, imeungua mpaka imekuwa na vishimo, na kisigino cha kulia kimeliwa kuliko cha kushoto. Nikakumbuka Babu alikuwa anatembea kwa kuegemea kulia. Physio, yule wa mazoezi ya viungo, alisema ni nyonga. Mi nilimsaidia yule mzee kutembea kila siku kwenda chooni na kurudi, nimemshika mkono huohuo wa kulia, na sikuwahi kujiuliza alianza kuegemea lini.

Kuna mengine mengi yakajipanga palepale. Zile alama nyeupe ndogo ndogo kwenye mikono yake ni cheche. Zile fulana nzito za sufu zilizojaa kabatini mi nilidhani za baridi, mwongozaji anaeleza wanaume wa pale walikuwa wanavaa sufu ndani ya joto lile makusudi, inanyonya jasho na cheche ikidondoka haiwaki upesi ikafika kwenye ngozi, juu wanavaa makoti ya rangi ya fedha yanayorudisha joto, na makoti mengi ya hivyo yalikuwa na asbesto ndani. Masikio yake, tivii ilikuwa inasikika mpaka kwa majirani, ni zile injini za kupulizia hewa na mivuke iliyokuwa inafunguliwa. Na kuamka kwake usiku. Alikuwa anaamka saa nne usiku anatafuta buti, kwa utulivu tu, hana fujo. Shifti zao zilikuwa zinazunguka, wiki hii asubuhi, wiki ijayo jioni, inayofuata usiku, mwili haukuwahi kujua lini kulala, na hata tanuru limezimwa miaka zaidi ya arobaini mwili wake bado unasubiri zamu. Mi nilikuwa namwambia Babu leo ni ofu, anasema aah, anarudi kulala.

Kitu kingine ninachowasifia hawa watu ni namna wanavyosimulia. Niliwahi kupanda basi la ziara la kampuni nyingine hapahapa Pittsburgh, muda wote ni Carnegie kajenga maktaba, Frick mshirika wake kanunua michoro, wafanyakazi wakatajwa mara moja kama idadi, nikashuka nimekasirika. Huku Carnegie anapata dakika zake na wenye kazi wanapata zao, na za wenye kazi ndo nyingi. Wanakwambia ukweli kwamba kabla ya 1923 watu walikuwa wanafanya masaa 12 kwa siku, siku saba, na wakibadilishana zamu ya mchana na usiku mtu anapiga masaa 24 mfululizo. Kwamba kati ya Julai 1906 na Juni 1907 katika kaunti hii moja ya Allegheny watu 526 walikufa kazini, na 195 kati yao walikuwa wa viwanda vya chuma. Wengi wa hao ni wahamiaji, Waslovakia, Wakroatia, Wapolandi, Wahungari, wanaitwa majina ya matusi barabarani na kupewa kazi za hatari kuliko zote.

Na fidia ilikuwa ndogo au hakuna, Pennsylvania ilikuja kupitisha sheria ya fidia kwa mfanyakazi mwaka 1915. Kwahiyo watu wakajitegemea, Wakroatia wa hapa wakaunda umoja wao mwaka 1894, unachanga kidogo kidogo, ukifa au ukiumia mkeo na wanao wanapata kitu, ni sawasawa kabisa na vyama vyetu vya kufa na kuzikana. Mjomba wa Babu alimwandikisha huko kabla hata hajapata kitambulisho cha kiwanda, na ada alikuwa anailipa mpaka nikiwa naye mimi, mi ndo nilikuwa naiweka bahasha kwenye posta.

Wanaeleza pia ya watu weusi, bila kuzungukazunguka. Waliotoka kusini kuja kutafuta kazi hapa walibanwa kwenye idara za joto na moshi, na ukongwe wao ulikuwa unahesabiwa ndani ya idara tu, ukitaka kuhama kwenda penye nafuu unaanza sifuri. Mpaka 1974 mahakama ikaingilia, makampuni tisa makubwa ya chuma yakakubali ukongwe uhesabiwe kwa kiwanda kizima, na wanawake nao wakaanza kuingia kwa wingi. Babu hili aliwahi kunigusia. Alisema yeye alikuja mgeni hajui lugha, na mtu mweusi aliyemfundisha kazi alikuwa amezaliwa nchi hiihii, lakini baada ya miaka michache yeye akapanda na yule akabaki palepale. Alisema haikuwa haki. Hakuongeza neno.

Ukitoka juu unaona mto na ng'ambo yake kule ndo kilikuwa kiwanda cha chuma cha Homestead Works. Chuma cha moto kutoka Carrie kilikuwa kinavushwa hivyohivyo kimeyeyuka kwa treni juu ya daraja kwenda upande wa pili kugeuzwa kuwa chuma cha kujengea. Empire State Building ya New York chuma chake kilitoka hapo. Wakati wa vita kuu ya pili kiwanda kile kilikuwa na watu karibu 15,000, na ili kukipanua 1941 wakabomoa mtaa mzima wa chini wa Homestead, watu kama 8,000 wakahama, makanisa, baa, kila kitu, wengi wao wahamiaji ambao watoto wao walikuwa wanaenda kupigana vita hiyohiyo.

Ya mgomo wa 1892 mnaelezwa lakini kama muda unaruhusu vukeni daraja mkaone wenyewe. Frick aliwafungia wafanyakazi nje, akaleta walinzi 300 wa kampuni binafsi ya Pinkerton kwa mashua usiku, asubuhi ya Julai 6 wakapigana kutwa kandokando ya mto, wafanyakazi saba na walinzi watatu wakafa. Baadaye wanajeshi wa jimbo wakaingia na chama cha wafanyakazi kikavunjwa, kiwanda kile hakikukubali tena kukaa meza moja na chama mpaka 1937, kikiwa tayari cha US Steel. Jengo la Bost lililokuwa makao ya wagomaji bado lipo Homestead, ni la haohao Rivers of Steel, na lina maonyesho. Babu mgomo wake ulikuwa wa 1959, siku 116, watu nusu milioni nchi nzima. Mkewe alikuwa anakopa kwa muuza duka Mslovakia wa mtaani aliyekuwa anaandika kwenye daftari, na walimaliza lile deni mwaka uliofuata. Bibi alitunza ile karatasi ya mwisho yenye neno limelipwa, ipo kwenye albamu katikati ya picha ya harusi na picha ya jeshi.

Kufungwa kwa kiwanda wanakueleza palepale mbele ya tanuru lililozimwa. Namba 6 na 7 zilisimama 1978, eneo zima likafungwa 1982, na Homestead yenyewe Julai 1986. Babu alipozimiwa tanuru alivuka daraja akamalizia Homestead, ule ukongwe uliohesabiwa na miaka ya Korea ndo uliomfikisha mpaka mwisho wakati vijana wanatolewa mafungu kwa mafungu. Pensheni alipata. Kuna majirani zake waliokosa kwa miaka miwili tu, na hilo lilikuwa linamuuma kuliko miguu. Baada ya hapo akafanya usafi kwenye shule, mtu wa miaka hamsini na kitu, na wanawe wakahama mmojammoja kufuata kazi. Leo pale Homestead Works kuna maduka na sinema, wameacha mabomba 12 ya moshi yamepangana kwenye maegesho. Mjukuu anasema utotoni alikuwa anacheza chini yake hajui hata ni ya nini.

Kuna sanamu ya kichwa cha mnyama paa pia, lazima nikitaje. Ndani ya kiwanda kilichotelekezwa wasanii walikuwa wanajipenyeza mwaka 1997 na 1998 bila ruhusa, wakatengeneza kichwa cha paa kwa mabomba na nyaya zilezile walizozikuta, kina zaidi ya mita 12, kimesimama katikati ya kuta za kutu. Watu wanapiga picha sana pale. Ni kizuri kweli, ila mi moyo wangu ulikuwa umeshabaki kwenye jumba la kumiminia.

Nikisimama pale niliwaza pia wazee wetu. Tunao na sisi, waliochukuliwa kuwa Keya, askari wa Mwingereza, wakapelekwa Burma mwaka 1944 kupigana na Wajapani kwenye mvua na malaria kwa ajili ya mfalme asiyewajua, wakarudi vijijini na koti na nishani. Ndugu wa bibi yangu alikuwa mmoja. Hakuna aliyemuuliza chochote akiwa hai, kazi yake alikuwa fundi cherehani, na sisi watoto tulichojua ni kwamba mbwa akibweka ghafla anashtuka sana. Babu alizikwa kwa heshima za kijeshi, ni haki ya veterani aliyetoka jeshini vizuri kisheria, askari wawili walikuja mpaka kwenye makaburi ya parokia, tarumbeta ikapigwa, bendera ikakunjwa pembetatu akapewa mjukuu. Nilifurahi kwa ajili yake. Na niliumia kwa ajili ya yule wa kwetu.

Kwa wanaotaka kwenda, ziara ni za msimu, kwa kawaida kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi, tiketi unakata onlaini kabla. Jumamosi tuliyoitaka sisi ilikuwa imejaa ikabidi tusogeze. Tua inachukua kama masaa mawili, mnatembea nje na ndani kwenye ardhi isiyo sawa, kwahiyo viatu vya kufunika, suruali ndefu, maji, na mvua ikinyesha mnaloa. Kama unampeleka mzee mwenyewe piga simu kwanza uulize sehemu zipi anaweza kufika, usikurupuke tu ukafika naye getini.

Mkitoka pale, kama mna gari, nendeni Millvale, kanisa la Mtakatifu Nikola la Wakroatia. Mchoraji mhamiaji anaitwa Maxo Vanka alichora kuta zake 1937 na 1941, na ni michoro ambayo sijawahi kuona kanisani. Kuna akina mama wanaomlilia kijana aliyekufa kazini huku viwanda na migodi iko nyuma yao, na upande wa pili akina mama wa kijijini wanamlilia kijana aliyekufa vitani, jeneza liko wazi. Angalieni ratiba yao kwanza, kuna siku maalum za kuingiza wageni na kuna watu wa kujitolea wanaoeleza kila ukuta. Babu alibatiza wanawe pale. Mjukuu alinionyesha kwamba familia yao ilikuwa inakaa upande wa huo mchoro wa viwanda, benchi la nne.

Na kwa wenzangu wa kazi ya kulea, kabla hamjaenda muulizeni mzee wenu maswali haya, ulikuwa idara gani, zamu gani, nani alikufundisha kazi. Halafu mkifika muulizeni mwongozaji awaonyeshe hiyo idara. Baadhi ya waongozaji waliwahi kufanya kazi viwandani wenyewe, na ukimtajia idara anakupeleka anakuonyesha mpaka mtu alikuwa anasimama wapi. Mi niliuliza nimechelewa, nikaonyeshwa na mjukuu, na bado nilipata mengi. Pigeni picha mrudi nazo mkamwonyeshe, na mkae karibu na sikio linalosikia.